Mpaka wa Umri Uwanjani

Usiku wa mwisho wa mwaka, mama wawili wamelala katika vitanda vinavyopakana katika nyumba ya wazazi. Robo saa kabla ya saa sita ya usiku, mmoja ajifungua mtoto wa kiume. Robo saa baada ya saa sita, jirani yake naye ajifungua wa kiume. Mkunga ni yule yule, taa ni ile ile, na baridi ya Bonde la Ufa ipenyayo dirishani yawapata wote wawili sawasawa. Lakini karani wa vizazi ana tarehe mbili. Mtoto wa kwanza aandikwa tarehe 31 Desemba. Wa pili aandikwa tarehe 1 Januari. Miaka 15 baadaye yatangazwa mashindano ya kandanda ya vijana walio chini ya miaka 16, na wanaoruhusiwa ni wale waliozaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka huo, au baada yake. Mmoja apita langoni na viatu vyake vimening'inia shingoni. Mwingine, aliyemtangulia mwenzake duniani kwa nusu saa tu, aambiwa kwamba yeye ni mkubwa mno.

Watoto hawa ni wa mfano. Walakini, msomaji, jiweke mahali pa yule wa tarehe 31 Desemba. Je, ungesema umedhulumiwa? Na kama umedhulumiwa, ni nani aliyekudhulumu: karani, au kalenda, au mama yako ambaye hakustahimili nusu saa zaidi?

Swali hili hutokea kila mwaka katika viwanja vya Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, mwalimu wa michezo anapokaa chini ya mti na bahasha ya vyeti vya kuzaliwa magotini, akipanga majina ya timu. Watu wazima ndio wanaolijibu, na aghalabu hawawaulizi ninyi. Kwa hiyo nataka tulitazame pamoja.

Yafaa tuanze na sababu ya kuwako kwa mpaka. Mtu wa miaka 40 na mtu wa miaka 42 ni kama wa umri mmoja. Miaka miwili haionekani katika mabega yao. Watoto sivyo. Baina ya miaka 12 na 14 mvulana aweza kugeuka hata shangazi aliyemwona mwaka uliopita asimtambue mlangoni. Mifupa hurefuka, kifua hupanuka, sauti huvunjika. Tena watoto hawakui kwa amri moja: wako wavulana wanaoanza kubalehe wana miaka 9, na wako wanaoanza wana miaka 14, na wote ni wazima wa afya. Wasichana huwatangulia. Nakuru ni mji upendao raga, na katika raga mwenye mpira huangushwa kwa mikono na mabega, na uzito wote wa mwenye kuangusha humshukia aangushwaye. Mweke kijana wa miaka 17 mwenye kilo 80 mbele ya mtoto wa miaka 13 mwenye kilo 40, na huo hautakuwa mchezo; utakuwa ajali inayongoja filimbi.

Hata pasipokuwa na hatari ya kuvunjika mfupa, iko hatari nyingine isiyotibiwa hospitali. Mtoto mdogo anayecheza na wakubwa hapati mpira. Hukimbia ukingoni mwa uwanja saa nzima ameinua mkono, wala hapewi pasi. Mwisho huacha kuinua mkono. Mwezi unaofuata huacha kuja uwanjani, na watu husema kwamba hakuwa na kipaji.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Hayo ni maneno ya njia nyembamba, ambapo busara ya mnyonge ni kujiokoa. Hayafai kuwa sheria ya watoto wanaocheza. Wako wanaodhani kwamba uwanja usio na mpaka wa umri ni uwanja wa uhuru. Nao una mpaka, illa haukuandikwa. Na mlinzi wa mpaka huo ni yule mvulana mwenye ndevu.

Usidhani kuwa jambo hili lililetwa na wageni pamoja na filimbi na nyavu. Watu wa Bonde la Ufa walipangwa kwa marika tangu zamani sana. Wakalenjin huliita rika ibinda, na Wakikuyu huliita riika. Majina ya marika ya Wanandi, kama Maina, Chumo, Sawe na Nyongi, hurudi kwa zamu baada ya vizazi kadhaa, kama mzunguko usiokatika. Lakini rika halikuhesabiwa kwa siku ya kuzaliwa. Lilihesabiwa kwa jando. Wale waliotahiriwa katika kipindi kimoja walikuwa ndugu wa rika moja, hata kama mmoja alimzidi mwenzake kwa miaka mingi. Na yule ambaye hakuingia kabla ya kipindi kufungwa aliwekwa katika rika lililofuata. Bila shaka walikuwako wavulana waliofika mlango ukifungwa, wakawatazama kaka zao wakiitwa watu wazima, na wao wakarudishwa kuchunga mbuzi. Uchungu wa yule mtoto wa tarehe 31 Desemba ni mkongwe kuliko kandanda.

Hata majina yaonyesha namna hiyo ya kuhesabu. Kwa Wakalenjin, mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Kiprop, na msichana huitwa Cherop. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Aliyezaliwa usiku ni Kipkemoi au Chepkemoi. Jina lakuambia saa, au hali ya mbingu siku ile, na kwa mama mwenye kukumbuka hiyo ni habari tamu. Mwaka halikuambii. Kiprop wa mvua ya mwaka 2009 na Kiprop wa mvua ya mwaka 2011 ni Kiprop tu. Katika nchi yetu ni katika miaka ya 1960 ndipo sheria ya kuandikisha kila kizazi ilipoanza kuenezwa wilaya baada ya wilaya, na mwaka 1971 ikawa imeenea Kenya nzima. Hata baada ya hapo wazazi wengi hawakutafuta cheti mpaka mtoto alipotakiwa kukionyesha shuleni. Ndipo baba alipokaa mbele ya karani akikuna kichwa, akijaribu kukumbuka kama ilikuwa mwaka ule ng'ombe walipokufa au mwaka uliofuata. Kumbuka jambo hili kabla ya kumwita kila mtu mwenye tarehe ya mashaka kuwa ni mwongo.

Mpaka ukiisha kuwekwa huzaa makosa yake. Mwaka 1985 mwanasaikolojia mmoja wa Kanada, Roger Barnsley, alichapisha pamoja na wenzake habari iliyowashangaza watu wa michezo. Nchini mwao mchezo unaopendwa kuliko yote ni magongo juu ya barafu, na watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Siku moja, wakiwa uwanjani, mkewe Paula alikuwa akisoma kijitabu cha majina ya wachezaji, akaona kwamba wengi wao mno walizaliwa Januari, Februari na Machi. Wakachunguza timu nyingine, wakaona vivyo hivyo. Sababu haikuwa nyota za angani. Mtoto wa Januari atimizapo miaka 9, mwenzake wa Desemba aliye katika kundi lile lile ana miaka 8 na mwezi mmoja tu. Mwalimu amtazama wa Januari, amwona mrefu na mwepesi, adhani ameona kipaji, amchagua. Aliyechaguliwa hupata mazoezi zaidi, viatu bora na mechi nyingi. Baada ya mwaka mmoja au miwili amekuwa bora kweli kweli, na mwalimu ajisifu kwamba aliliona jambo hilo mapema. Alichokiona mapema, kwa sehemu kubwa, kilikuwa kalenda. Mambo kama hayo yameonekana katika kandanda ya nchi nyingi. Na Uingereza, ambako mwaka wa shule huanza Septemba, wanaopendelewa ni waliozaliwa Septemba, Oktoba na Novemba. Ukihamisha mpaka, bahati nayo huhama pamoja nao.

Hapa msomaji wa Bonde la Ufa aweza kunipinga kwa jina moja. David Rudisha alizaliwa tarehe 17 Desemba 1988, katika mwezi wa mwisho wa mwaka. Naye alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za mita 800 huko Beijing mwaka 2006, na katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alishinda kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mbio ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia kwa kasi hiyo kabla yake. Ni kweli. Lakini mkimbiaji hangoji kupewa pasi. Barabara ya vumbi iko wazi kwa kila mtu alfajiri, na saa haijui kupendelea. Timu ya kandanda ina nafasi 11, na mwenye kuzigawa ni mtu mwenye macho ya kudanganyika. Ndiyo maana swali la umri ni zito zaidi katika michezo ya timu kuliko katika mbio: asiyechaguliwa hana mahali pa kujifunzia.

Mwingine atasema: kama umri ni kipimo kibovu, na tuutupe, tupime mwili wenyewe. Nakuru yaujua mzani huo. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ya fedha Munich mwaka 1972, katika uzani wa unyoya, yaani kilo zisizozidi 57. Tena kule Mexico alipewa tuzo ya Val Barker, ambayo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote. Kilichomweka mbele ya mpinzani aliyelingana naye kilikuwa ni mzani. Huko New Zealand watoto wa raga katika sehemu nyingi hupangwa kwa uzito pamoja na umri, na Uingereza vyuo vya kandanda vimejaribu, tangu mwaka 2015 hivi, kuwapanga vijana kwa kadiri miili yao ilivyokomaa.

Naisifu njia hiyo, lakini siiamini kabisa. Mtoto mnene wa miaka 11 akipelekwa kwa vijana wa miaka 14 kwa sababu ya kilo zake, ana mwili wao, lakini hana akili zao, wala hana moyo mgumu wa kustahimili maneno wanayotupiana. Na mtoto aliyeambiwa kwamba akizidi kilo fulani hatacheza, usiku atasukuma sahani yake ya ugali kando na kusema ameshiba. Tena mwamuzi wa ukomavu wa mwili ni nani? Ni mtu mzima anayemtazama mtoto na kuamua. Tumerudi kwenye macho yale yale yaliyoona kipaji mahali palipokuwa na kalenda.

Tarehe, basi, ni kipimo kibovu chenye sifa moja kubwa: hakimjui mtu. Hakiulizi kama baba yako ni chifu au mlinzi wa usiku. Hakiulizi kabila lako, na katika Bonde la Ufa hilo si jambo dogo. Kila mtoto aweza kukijua kabla ya siku ya kuchaguliwa, na hakuna awezaye kumnong'oneza mwalimu kikabadilika. Namwambia yule wa tarehe 31 Desemba maneno yasiyomfurahisha: hukudhulumiwa, umekosa bahati, na mambo hayo mawili hayafanani. Dhuluma ina mtu aliyeitenda. Lakini kukosa bahati kwaweza kugeuka dhuluma, pale ambapo watu wazima walijua kwamba mstari wao utamwacha mtu nje, wakauchora, wakaenda zao.

Tarehe haimjui mtu, lakini huandikwa katika karatasi, na karatasi huandikwa na watu. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, lilianza kupima vifundo vya mikono ya wachezaji kwa mashine ya sumaku ionyeshayo ndani ya mwili. Mwishoni mwa mfupa wa mkono wa mtoto pana gegedu, mahali mfupa unaporefukia. Mtoto akikomaa, gegedu hilo hugeuka mfupa, na kwa wavulana ni nadra ligeuke lote kabla ya miaka 17. Wenyeji, Nigeria, waliwaacha wachezaji wengi baada ya kipimo. Siwaiti wote waongo, maana mashine hukadiria tu, na wako watu wanaokomaa mapema. Ninachotaka ukifikiri ni hiki: waliitwa wengine mahali pao, na timu hiyo iliyotengenezwa kwa haraka ilifika fainali, ikafungwa na Uswisi bao 1 kwa 0. Wale walioitwa walitoka wapi? Hawakuzaliwa wiki ile. Walikuwako siku zote, wanajua kucheza, nao wangalikaa kwao wakisikiliza mechi redioni.

Huko Marekani mwaka 2001 mvulana mmoja, Danny Almonte, alistaajabisha watu kwa jinsi alivyorusha mpira wa besiboli katika mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12. Baadaye ikajulikana kwamba ana miaka 14, na ushindi wa timu yake ukafutwa. Karatasi ya uongo ilikuwa kazi ya watu wazima, na baba yake akapigwa marufuku katika mashindano hayo. Lakini ukimwuliza mtu leo juu ya habari ile, atakutajia jina la mtoto.

Sasa nimefika penye jambo gumu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao katika Bonde la Ufa walikimbilia Nakuru. Wengi walilala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na wengine katika uwanja wa Afraha, uwanja ambao kila mtoto wa Nakuru apendaye kandanda huota kuuchezea. Fikiri mtoto aliyezaliwa mwaka 2000, aliyekuwa darasa la pili, akapoteza mwaka mzima wa masomo hemani. Alifika kidato cha pili mwaka 2017, naye mwaka huo atimiza miaka 17, na wenzake wengi darasani watimiza 16. Timu yao ni ya walio chini ya miaka 17. Wote walioketi naye dawati moja wachaguliwa, yeye hapana. Hakuchelewa kwa uvivu. Aliyemchelewesha ni yule aliyechoma nyumba yao.

Darasa lilimpokea, kwa sababu darasa halina mpaka wa juu. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, waliingia darasani vijana waliokwisha kuota ndevu. Na mwezi wa Januari 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, amevaa sare na soksi ndefu kama wenzake. Mzee yule hakumpunguzia mtoto yeyote herufi hata moja. Herufi hugawanywa kwa watu mia zisipungue. Lakini jezi namba 9 ni moja, na akiivaa huyu, yule haivai. Hapo darasa na timu huachana.

Mama wa kijana wetu huvuna maua katika mashamba ya Naivasha. Asikia kwamba iko shule imsomeshayo bure mchezaji hodari, miaka minne, pamoja na chakula na vitabu. Mtu amjia jioni na kumwambia kwamba cheti chaweza kutengenezwa. Ni tarakimu moja tu. Mwanawe aliibiwa mwaka mmoja. Je, si haki kumrudishia mwaka huo kwa kalamu?

Silijibu swali hili kwa wepesi, na simwamini mtu alijibuye kwa wepesi, hasa kama yeye hajawahi kukosa karo. Dhiki ya mama huyo ni ya kweli. Haki ya mwanawe kupata fidia ni ya kweli pia. Lakini tumfuate yule atakayelipa. Mlangoni mwa ofisi patabandikwa karatasi yenye majina 18. Jina la 19 halitabandikwa. Mtoto wa 19 ana miaka 15, na si mtoto wa tajiri; mtoto wa tajiri hakuitaka nafasi ile, maana karo anayo. Aliyesukumwa nje ni maskini mwingine, aliye mdogo zaidi, ambaye mama yake huuza kabichi kando ya barabara ya Molo au huvuna maua katika shamba lile lile. Atarudi kwao akiamini kwamba mguu wake wa kushoto ni dhaifu. Hatajua kamwe. Aibiwaye ng'ombe huiona kamba iliyokatwa, lakini huyu hana hata kamba ya kutazama.

Deni la mwaka 2008 lilikuwa la watu wazima: waliochoma, waliochochea, na waliokuwa na mamlaka ya kuzuia. Kulifuta deni hilo kwa kumtwika mtoto wa miaka 15 ni kumfanya kijana aliyefukuzwa awe mfukuzaji bila kupenda. Tena mwenye tarehe ya kutengenezwa huishi na umri mbili. Ikifika siku ya kutafuta kitambulisho cha taifa, au pasipoti, karatasi moja husema hivi na nyingine hivi, na yeye husimama katikati akieleza jambo lililotendwa na watu waliokwisha kusahau.

Kwa hiyo nasema mpaka ushikwe, hata kwa kijana huyo. Nasema pia kwamba kuushika mpaka ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Kijana akatazwe jezi ya walio chini ya miaka 17, lakini asikatazwe mchezo. Na hapa ndipo watu wazima wengi hujificha. Hukagua vyeti kwa bidii ya askari wa forodha, kisha hufunga ofisi. Shule yenye mipira miwili yaweza kuwa na timu mbili. Mwalimu awezaye kuandika jina aweza kuandika mwezi wa kuzaliwa kando yake, ili akimwona mtoto wa Novemba ni mfupi ajue anamlinganisha na nani. Wenye kuandaa mashindano waweza kuanza hesabu Januari mwaka huu na Julai mwaka ujao, bahati isikae nyumba moja. Shule imtakayo mchezaji hodari yaweza kumsomesha wa miaka 17 akiitwa wa miaka 17. Mambo haya yagharimu fedha kidogo na usumbufu mwingi, na nadhani usumbufu ndio unaoogopwa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa tangu Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, michezo ilifutwa, na vijana waliokuwa katika mwaka wao wa mwisho chini ya mpaka waliupoteza mwaka huo wote. Mwaka 2021 kalenda iliwakuta nje. Sikusikia wakiandaliwa mashindano yao hata ya siku moja.

Na wewe? Yamkini siku moja wewe ndiwe utakayeletewa karatasi, au utaiona ya rafiki yako, na mtu mzima unayemheshimu atakuambia unyamaze. Ni mtihani mkubwa, kwa kuwa tumelelewa tusiwabishie wakubwa mbele za watu. Basi usimbishie mbele za watu. Mwendee faraghani, au umwendee mkubwa mwingine, useme kwa adabu kwamba tarehe hiyo si yako. Pengine utapoteza nafasi, pengine utachekwa bwenini. Sikuahidi malipo yoyote.

Ikiwa badala yake wewe ndiwe nahodha wa timu iliyoshinda, unazo haki fulani kwa mwalimu wako usizozitumia. Siku ya mechi kubwa, filimbi ya mwisho ikiisha kulia saa kumi na watu wakaanza kutawanyika, mwombe asiufungie mpira stoo. Kando ya uwanja wamesimama kijana wa miaka 17 na mvulana wa tarehe 31 Desemba, na jua halizami nyuma ya milima ya Mau mpaka ifike saa kumi na mbili na nusu.